Kununua Risasi za Mazoezi Ukiwa Mwanza: Mwongozo Kamili wa Bei, Upatikanaji na Utunzaji

Wamiliki wa silaha Kanda ya Ziwa wanakwama palepale kila mwaka. Boksi la mwisho limeisha, duka la karibu halina aina yao, wanafunga safari ndefu, kisha wanarudi na risasi zisizolingana na mtutu wao. Wengine wanapata zinazolingana, lakini zimekula fedha ya miezi mitatu ya mazoezi.

Uhaba upo kweli, ila kinachoumiza zaidi ni mpangilio. Watu wanaanzia dukani. Anzia kwenye leseni na kwenye bunduki yenyewe, kisha kwenye hesabu, na duka lifuate baadaye. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa hivyo, nawe usiruke hata moja.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye leseni hai anayelenga shabaha kwa burudani. Kama huna leseni, njia yako inaanzia ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji na kupanda hadi Polisi. Uwindaji una kibali chake chini ya sheria ya wanyamapori, na leseni ya silaha pekee haikupi ruhusa ya kupiga hata kanga.

## Vitu vya kuandaa

- Leseni halisi ya silaha na kitambulisho cha taifa. Picha ya kwenye simu haitoshi.
- Tochi ndogo, kitambaa safi, daftari na kalamu.
- Mizani ya jikoni ya kidijitali inayopima hadi kilo 5.
- Sanduku la chuma lenye kufuli, kwa ajili ya risasi tu.
- Boksi la plastiki gumu lenye mpira kwenye mfuniko, liingie ndani ya hilo sanduku.
- Vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, kama vile vinavyokuja na viatu vipya.
- Karatasi kubwa za shabaha, penseli na uzi.
- Miwani ya kukinga macho na vizibo vya masikio.

## Hatua ya 1: Soma leseni yako upya

Angalia mambo matatu: tarehe ya mwisho, aina ya silaha pamoja na namba yake, na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamfunga muuzaji kama inavyokufunga wewe. Duka halali linakuuzia risasi za silaha iliyoandikwa kwenye leseni yako, na linaweka kumbukumbu ya mauzo. Leseni ikiwa imeisha muda, safari yako imekufa kabla hujapanda basi.

Onyo: Usipokee risasi za "kusaidiana" kutoka kwa rafiki, hata kama naye ana leseni, na hata kama ni kumi tu. Risasi zisizo na kumbukumbu mikononi mwako ni kosa la jinai, na urafiki hautakutetea kituoni. Risasi zilizojazwa upya mtaani ni mbaya zaidi, kwa sababu hakuna anayejua kiasi cha baruti kilichomo.

Umefanikiwa ukiwa na idadi kamili daftarini: unaruhusiwa ngapi, unazo ngapi, unaweza kuongeza ngapi.

## Hatua ya 2: Soma mtutu

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayovunja vidole na macho.

Hakikisha kwanza bunduki haina risasi. Fungua, tazama chemba (pale risasi inapokaa), ingiza kidole, tazama tena. Kisha washa tochi na utafute maandishi yaliyochongwa kwenye chuma. Kwa shotigani za mitutu miwili mara nyingi yapo chini ya mitutu, sehemu inayofichwa na mwili wa bunduki ikiwa imefungwa, kwa hiyo lazima uitenganishe. Kwa zile za kupampu yapo ubavuni mwa mtutu.

Kwa shotigani unatafuta namba mbili. Ya kwanza ni geji, yaani kipimo cha upana wa mtutu, kwa kawaida 12 au 20 (20 ni nyembamba). Ya pili ni urefu wa chemba: 65, 70 au 76, zote kwa milimita. Bunduki nyingine zinaandika kwa inchi, na hapo 2½ ni 65, 2¾ ni 70 na 3 ni 76.

Ya pili ndiyo inayowapotosha watu. Risasi ya milimita 76 inaingia vizuri kabisa kwenye chemba ya 70, na bunduki inafunga bila shida. Sababu ni kwamba urefu ulioandikwa kwenye boksi ni wa ganda likishafunguka, yaani baada ya kupigwa. Kabla ya hapo mdomo umekunjwa na ganda ni fupi. Ukifyatua, mkunjo unakosa nafasi ya kufunguka, unabana njia, na shinikizo linapanda kupita uwezo wa chuma. Kwa hiyo kuingia kwa risasi si ushahidi kwamba inafaa. Risasi fupi kwenye chemba ndefu ni salama. Ndefu kwenye fupi ni hatari.

Onyo kubwa kwa wenye geji 12: Risasi ya geji 20 isikae mfuko mmoja na zako, wala meza moja. Ikitumbukizwa kwenye mtutu wa geji 12 inateleza mbele na kukwama, nawe unadhani chemba ni tupu. Unaweka ya geji 12 nyuma yake, unafyatua, na mtutu unapasuka karibu na mkono wako wa mbele. Ndiyo maana maganda ya geji 20 hutengenezwa ya njano, yaonekane haraka.

Kwa raifo, nakili maandishi yote ya kaliba kama yalivyo. Ikiwa mtutu umeandikwa 22 LR, usinunue .22 ya aina nyingine. Zipo ndefu na zenye nguvu zaidi ambazo hazikutengenezewa chemba yako. Vivyo hivyo .308 na .30-06: zote zinarusha risasi ya kipenyo kilekile, lakini maganda yake yana urefu tofauti na hazibadilishani.

Maandishi yakiwa yamefutika, usikisie. Peleka silaha kwa fundi mwenye kibali aipime chemba.

Umefanikiwa ukiwa na mstari mmoja usio na utata, mfano: "Geji 12, chemba milimita 70."

## Hatua ya 3: Chagua mzigo wa mazoezi, si wa kuwinda

Kwa shotigani, mzigo ni uzito wa marisau, yaani zile chembe ndogo za madini, yaliyo ndani ya risasi moja. Kwa kulenga visahani (shabaha za udongo zinazorushwa hewani), gramu 24 au 28 zinatosha kabisa. Washindani wa visahani kwenye Olimpiki wanabanwa na kikomo cha gramu 24, na bado wanavunja visahani. Gramu 36 zina bei ya juu, zinapiga bega, na baada ya risasi kumi na tano unaanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Hapo unalipa zaidi ili ujifunze vibaya.

Saizi ya marisau isome kwa milimita. Namba zinatofautiana nchi na nchi, kwa hiyo namba 7 ya Uingereza na namba 7 ya Italia hazilingani. Kwa visahani tafuta milimita 2.0 hadi 2.4.

Kama unamiliki raifo kubwa na pia .22 kihalali, fanya sehemu kubwa ya mazoezi na .22. Pumzi, jicho na kidole vinafundishwa vilevile kwa bei ndogo sana. Ile kubwa iachie risasi chache za kuthibitisha kwamba darubini haijahama.

## Hatua ya 4: Hesabu bei ya kweli ya risasi moja

Maboksi hayafanani. Shotigani huwa 25, .22 huwa 50, raifo kubwa huwa 20. Ukilinganisha bei ya boksi kwa boksi umeshapotea. Gawa kwanza.

Kisha ongeza gharama ya kuzifikia. Chukua mfano huu. Namba ni za kufanyia hesabu tu, si bei ya duka lolote. Tuseme boksi la 25 jirani yako ni shilingi 100,000, yaani 4,000 kwa risasi. Dar es Salaam ni 80,000, yaani 3,200. Unaona unafuu wa 20,000 kila boksi. Lakini kwenda, kulala na kurudi kunakugharimu 240,000. Ukileta maboksi 4, umelipa 320,000 za risasi na 240,000 za safari, jumla 560,000 kwa risasi 100. Kila moja imekufikia kwa 5,600. Ule "unafuu" umekuongezea 1,600 kwa kila risasi.

Ungehitaji maboksi 12 ili nauli irudi, na hapo idadi ya kwenye leseni inaweza kukukatalia. Ukiwa na shughuli nyingine Dar, basi risasi inabaki 3,200, na safari hiyohiyo inakuwa ya maana. Panga manunuzi yafuate safari ulizonazo tayari.

Kwa nini bei hupanda hata shilingi ikiwa imetulia? Risasi nyingi za michezo zinatoka nje na zinanunuliwa kwa dola, kwa hiyo risasi (ile madini), shaba na usafiri vyote vinaingia humo. Mwaka 2020 wanunuzi wa Marekani walimaliza rafu za maduka yao na viwanda vikazidiwa. Tangu Februari 2022 vita vya Ukraine vimeelekeza baruti ya viwanda vingi vya Ulaya kwenye mahitaji ya majeshi.

Kuna jambo hapa ambalo mkulima wa Magu au Kwimba atalielewa haraka. Baruti ya kisasa inatokana na nitroselulosi, nayo hutengenezwa kwa selulosi, hasa yale manyoya mafupi yanayobaki kwenye mbegu ya pamba baada ya kuchambuliwa. Manyoya hayo yakigombaniwa duniani, boksi lako la risasi linapanda bei. Ndani ya nchi tunalo Shirika la Mzinga, Morogoro, linalotengeneza risasi. Muulize muuzaji wako kama ana za hapa nchini zinazolingana na silaha yako kabla hujakubali bei ya za nje.

Umefanikiwa ukiwa na jedwali dogo: duka, bei ya risasi moja, bei baada ya safari.

## Hatua ya 5: Piga simu kabla ya safari

Piga asubuhi ya siku ya kazi, na uwe na ule mstari wa Hatua ya 2 mbele yako. Sema hivi, taratibu:

"Habari za kazi, kaka. Nina leseni ya shotigani geji 12, chemba milimita 70. Natafuta za mazoezi, gramu 24 au 28, marisau milimita 2.4. Mnazo maboksi mangapi sasa hivi, na yote ni ya toleo moja? Bei ya boksi ni ngapi? Mtahitaji karatasi gani zaidi ya leseni? Mnaweza kuniwekea hadi lini?"

Swali la toleo moja ni la lazima. Kila kundi la risasi lina namba yake kwenye boksi, na matoleo mawili ya chapa ileile yanaweza kupiga tofauti, hasa kwa raifo. Swali la karatasi linakuokoa na safari ya pili.

Ukiweza, nunua kabla ya Julai. Tarehe 1 Julai ndipo msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa, na kuanzia hapo wanunuzi wa risasi huongezeka.

## Hatua ya 6: Kagua kabla ya kulipa

Fungua boksi moja mbele ya muuzaji. Huyu ni mtu wa biashara, hatakasirika.

Tazama kitako cha chuma: kisiwe na kutu wala rangi ya kijani. Tazama kiwashio, kile kitufe cha katikati: kiwe sawa na uso wa kitako au ndani kidogo, kisichomoze nje. Mdomo wa ganda uwe umekunjwa vizuri na marisau yasivuje. Kwa raifo, risasi isicheze kwenye ganda ukiigusa kwa vidole.

Linganisha maandishi ya kwenye kitako cha risasi na mstari wako, maana boksi linaweza kuwa si la vilivyomo. Dai risiti yenye aina, idadi na tarehe, na hakikisha kumbukumbu zote zinazotakiwa zimejazwa kabla hujatoka mlangoni.

## Hatua ya 7: Safirisha mwenyewe, kwa utaratibu

Risasi hazitumwi kama kifurushi cha basi, wala haziachwi kwa kondakta, wala hazipakiwi kwenye meli ya Ukerewe chini ya magunia. Zinasafiri na mwenye leseni, kwenye sanduku lililofungwa, mbali na silaha. Leseni na risiti viwe karibu na mkono. Ukisimamishwa kwenye kizuizi, sema mwenyewe mapema ulichobeba. Askari akikugundua wakati umenyamaza, mazungumzo yanakuwa mengine.

Kwa ndege, utaratibu wa kimataifa unaruhusu kilo 5 kwa abiria mmoja, zikiwa na kifungashio chake, kwenye mzigo wa chini, kwa idhini ya shirika la ndege, na kwa matumizi yako mwenyewe. Abiria wawili hawaruhusiwi kuunganisha kilo zao. Boksi la 25 za geji 12 lina uzito wa kilo 1 na kidogo, kwa hiyo kilo 5 ni takriban maboksi 4. Boksi la 20 za .30-06 ni kama nusu kilo. Boksi la 50 za .22 halifiki gramu 200. Pima kwa mizani nyumbani au hotelini, si kwenye foleni ya uwanjani. Wasiliana na shirika siku kadhaa kabla, na ujitambulishe kwa Polisi wa uwanja ukifika.

Onyo: Ukiwa barabara ya Musoma, usikate kona kuingia geti la Ndabaka kutazama wanyama ukiwa na silaha au risasi garini. Hifadhi ya Taifa haiingiwi na silaha bila kibali.

## Hatua ya 8: Zilinde na unyevu wa ziwa

Hapa ndipo fedha nyingi inapotea kimya kimya. Hewa ya Capripoint, Bwiru au kando ya ziwa pale Kirumba ina unyevu, na wakati wa masika unyevu huo unaingia kabatini. Shaba inaota kijani, vitako vya chuma vinashika kutu, na baruti iliyopata maji inawaka nusunusu.

Acha risasi kwenye maboksi yake ya kiwandani, kwa sababu namba ya toleo ipo hapo. Weka maboksi ndani ya lile la plastiki lenye mpira, pamoja na vifuko viwili au vitatu vya silika. Plastiki iingie kwenye sanduku la chuma lenye kufuli. Sanduku likae chumba chenye kivuli, juu ya sakafu, lisiguse ukuta wa nje. Bunduki ihifadhiwe kwingine, na ufunguo uwe nawe, si juu ya mlango ambapo watoto wanaujua.

Usipake mafuta ya kuzuia kutu kwenye risasi. Mafuta mepesi yanapenya pembeni mwa kiwashio na kukiua. Na usiziache kwenye gari lililoegeshwa juani.

Kila baada ya mvua kubwa, fungua na utazame. Silika iliyolowa badilisha.

## Hatua ya 9: Pima risasi kwenye uwanja unaofaa

Piga kwenye uwanja wa shabaha uliokubaliwa na mamlaka tu. Shambani kwa mjomba hapafai, hata pakiwa mbali. Mlio wa bunduki kijijini Usukumani unaweza kuinua sungusungu, na watakuwa na haki ya kuja.

Mwanza ina mitego yake miwili. Wa kwanza ni miamba: risasi ikigonga jiwe inaruka upande usioutarajia, kwa hiyo kizuizi cha nyuma kiwe tuta la udongo laini lisilo na mawe. Wa pili ni ziwa. Maji yanapigwa kwa pembe ndogo na risasi inadunda kama ilivyodunda kwenye jiwe. Ya .22 inaweza kufika zaidi ya kilomita moja na nusu, na ya raifo kubwa zaidi ya kilomita tatu. Huko mbele kuna mitumbwi ya dagaa. Marisau madogo yanaanguka ndani ya mita 200 hivi, lakini acha mita 300 wazi. Usiyamwage majini pia. Madini yake ni sumu kwa ndege wa majini wanaoyameza pamoja na changarawe.

Sasa kipimo chenyewe. Kwa shotigani, simama mita 37 kutoka kwenye karatasi tupu na upige mara moja katikati. Chora duara la sentimita 76 kuzunguka sehemu yenye matundu mengi, kisha hesabu. Risasi ya gramu 24 yenye marisau ya milimita 2.4 ina chembe 300 hivi. Choki (mbano wa mdomo wa mtutu) kali huweka karibu asilimia 70 ndani ya duara, ya kati 60, mtutu usio na choki 40. Rudia kwenye karatasi nyingine mbili. Boksi la bei nafuu lililoweka chembe zake vizuri, bila mapengo, limeshinda lile la ghali.

Kwa .22, piga tano mita 50 ukiwa umeegemea, na upime umbali kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi.

Isipolia: mtutu ubaki kwenye shabaha, hesabu sekunde 30 kamili, ndipo ufungue. Inaweza kuwa imechelewa tu kuwaka.

Ikilia kwa sauti dhaifu: acha papo hapo. Toa risasi, kagua mtutu kwa tochi kutoka upande wa chemba. Kitu kikiwa kimekwama ndani, risasi inayofuata itaupasua.

## Hatua ya 10: Daftari na kiwango cha kuagiza

Andika tarehe, toleo, ulizopiga, zilizokataa na zilizobaki. Jumla iendane na sanduku kila unapolifungua. Siku ya uhakiki wa Polisi, daftari hilo linajibu kabla hujaulizwa.

Punguza pia matumizi. Risasi 25 zenye lengo moja, kwa mfano visahani vinavyoruka upande wa kulia tu, zinafundisha kuliko 75 za kelele. Siku za katikati fanya zoezi la kuinua, kulenga na kufyatua kwa risasi bandia, ukielekea ukuta imara, risasi halisi zikiwa chumba kingine chini ya kufuli. Kwa .22 usifyatue chemba ikiwa tupu kabisa, maana pini inagonga ukingo wa chuma na kuharibu zote mbili.

Ukibakiwa na maboksi mawili, rudi Hatua ya 4 na uanze simu. Zilizoota kijani, zilizobonyea au zilizokataa kuwaka usizitupe jalalani wala ziwani, na usizifungue kutoa baruti. Ziweke kwenye chombo chake chenye alama, uzihesabu daftarini, kisha uzikabidhi kituo cha Polisi na upewe maandishi ya kuzipokea.